Kusoma maliasili sio kusomea ugemu

Huku Dodoma ukimwambia mtu unasoma digrii ya usimamizi wa maliasili anakuuliza bunduki mtapewa lini, mjomba wangu mpaka leo ananiita afande. Jamani sio hivyo. Uaskari wa wanyamapori, yaani huo ugemu, ni kipande tu, tena una vyuo vyake kama Pasiansi kule Mwanza.

Digrii hii inahusu udongo, maji, misitu, malisho, ramani za kompyuta (GIS), sheria, na zaidi ya yote watu, maana msitu haujikati wenyewe. Chukua Kondoa: makorongo yalikula ardhi, 1973 ukaanza mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), wakachimba makinga maji na kupanda miti, ila 1979 ikaonekana haitoshi mpaka ng'ombe na mbuzi wote watolewe eneo lililoharibika. Mimea ikarudi kweli, lakini mfugaji apeleke wapi mifugo yake? Hapo ndo penyewe, hilo swali hulijibu kwa bunduki wala kwa miche.

Au maji ya visima vya Makutupora tunayokunywa mjini, nani anapima yasichotwe kuliko mvua inavyorudisha? Na kwenye digrii hii hesabu zipo, tena somo la takwimu usilikimbie.