Sh 6,000 kwa Mtoto kwa Mwaka: Dhana Potofu Kuhusu Madai ya Walimu

Mei Mosi walimu tulipita na mabango hapa Tanga, tukidai bajeti ya shule iongezwe. Tangu hapo swali ni lile lile kila kikao. Juzi Makorora mzee mmoja alinyoosha mkono: “Mwalimu, elimu si ni bure? Serikali inaleta pesa. Mnadai nini tena?”

Tuhesabu pamoja, maana dhana hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Kilichoondolewa 2016 ni ada na michango ya lazima. Mahitaji ya shule yapo pale pale, na ya kuyabeba ni kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi: Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kununulia vitabu. Akaunti ya shule inaingia 6,000. Shule ya watoto 800 inapata laki nne kwa mwezi. Toa humo chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, vitasa, bati lililong'olewa na kusi. Vyoo vikijaa mwezi huo, chaki tunakopa dukani.

Na hiyo 10,000 si ya jana. Ilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, ikakusudiwa kuwa sawa na dola 10, dola yenyewe ikiwa chini kidogo ya Sh 1,000. Waraka wa elimu bure wa 2016 ukairudia ile ile, dola imeshapita 2,000. Zaidi ya nusu ya haki ya mtoto iliyeyuka, na kwenye karatasi hakikupungua kitu. Mabango yetu yalisema hilo.

Dhana nyingine ninazozisikia: “Mwalimu mkuu anaila hiyo pesa.” Zile 200,000 zake za kila mwezi ni posho ya madaraka, zina fungu lake. Kapitesheni hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, na matumizi yake hupitishwa na kamati ya shule, ambamo wazazi mna wajumbe wenu. Mapato na matumizi yasipobandikwa ubaoni, yadaini. Sina subira na mzazi anayelaumu kijiweni Ngamiani ilhali kikao hajawahi kukanyaga.

“Mchango wowote ni marufuku.” Hapana. Marufuku ni kulazimisha, na kumrudisha mtoto nyumbani. Uji mnaweza kuchangia kwa hiari, kwa kufuata utaratibu.

“Mnapigania mishahara.” Mishahara tunaidai pia, na ni haki yetu. Choo si mshahara.

“Mtumishi wa umma haruhusiwi kukusanyika.” Someni ibara ya 20 ya Katiba. Chama cha Walimu kipo tangu 1993. Mgomo ni jambo lingine. Ule wa 2012 mahakama iliusimamisha.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti ya halmashauri hupita mikononi mwa madiwani kabla ya hapo. Ukikutana na diwani wako msibani au sokoni, mwulize kata yetu imetengewa matundu mangapi ya vyoo vya shule. Sisi walimu tumeshauliza. Akiulizwa na wazazi hamsini, atalibeba hadi kwenye baraza.