Titanic: amri ilisema kulia, meli ikaenda kushoto

Kila nikifika kwenye somo la amri za usukani lazima atokee mtu aniulize, mwalimu, si kwenye Titanic ofisa aliagiza kulia jamaa akapeleka kushoto, si ndo wakagonga? Hapana bana, pale hakuna aliyechanganya.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, kwenye saa 5 na dakika 40, ofisa William Murdoch aliona barafu mbele akaamuru "hard a-starboard", yaani stabodi mpaka mwisho, na stabodi ni upande wa kulia ukiangalia omo, yaani mbele ya meli. Robert Hichens pale kwenye usukani akazungusha gurudumu kushoto na meli ikaanza kukata kushoto, na ndo hicho hicho Murdoch alichotaka. Ubavu wa kulia ndo uliochanika maana meli kubwa vile haikuwahi kuipisha barafu yote.

Ishu ni kwamba amri ilikuwa ya kana, yaani ule mkono wa kugeuzia usukani, siyo ya meli. Aliyewahi kushika mashua ananielewa chapchap: sukuma kana kulia, ubapa wa usukani kule majini unaenda kushoto, na omo nayo inafuata kushoto. Waingereza walizoea hivyo tangu enzi za kana, baadaye yakaja magurudumu, ikaja mitambo ya mvuke, kana ikaishia kufichwa huko tezi, nyuma ya meli, hata mshika usukani haioni, ila amri wakaiacha vilevile!

Stabodi lenyewe ni neno la zamani sana, la wakati vyombo vya kaskazini mwa Ulaya vinaongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia, kwa hiyo maana yake ni ubavu wa kuongozea. Kushoto kuliitwa ladibodi, sasa hebu pigiana kelele stabodi ladibodi kwenye upepo uone, ndo maana mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru iwe poti.

Amri za kana zilidumu zaidi. Mkataba wa usalama baharini wa London, 1929, ndo ulitaka amri itaje upande meli inakoelekea, na Uingereza ikaanza 1 Januari 1933. Fikiria baharia mkongwe, jana stabodi ni kushoto, leo ni kulia.

Siku hizi nikisema "stabodi 20" mshika usukani anairudia neno kwa neno, anazungusha, halafu anatangaza usukani ukifika nyuzi 20, huku mimi jicho liko kwenye mshale unaoonyesha usukani umefika nyuzi ngapi. Anayezungusha kimyakimya simpi maksi.