Joto kwanza, maziwa baadaye: kuwalea watoto wa mbwa waliofiwa na mama

Asubuhi moja ya mwezi Julai, kabla sijamaliza kufungua madirisha ya chumba changu cha kutibia wanyama hapa Tabora mjini, aliingia mama mmoja kutoka Kanyenye akiwa na ndoo ndogo ya plastiki iliyofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na watoto sita wa mbwa waliozaliwa siku mbili nyuma, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Mama yao alikuwa amegongwa na lori jioni iliyotangulia.

"Daktari," alisema huku akiiweka ndoo mezani, "hawa wamelia usiku kucha. Tumewapa maziwa wakayakataa. Tukawatilia mdomoni kwa kijiko, yakawatokea puani."

Nilimwomba akunjue kiganja, nikamwekea mmoja. "Mama, unamwonaje huyu?"

Alinyamaza kidogo. "Wa baridi kama chura."

Jibu hilo lilitosha kueleza yaliyotokea usiku ule. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa karibuni hana uwezo wa kujitengenezea joto kama tulivyo sisi: katika siku zake za mwanzo hata kutetemeka hawezi, mafuta mwilini mwake ni haba, na joto lote alilo nalo huliazima kwenye tumbo la mama na miili ya ndugu zake. Katika wiki ya kwanza joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 35 na 37, ambalo kwa mbwa mkubwa lingekuwa dalili ya hatari, kwa kuwa mbwa mkubwa huwa na nyuzi 38 na zaidi. Likishuka chini ya 35, matumbo husimama kufanya kazi. Maziwa yanayoingizwa wakati huo hayasagwi. Hubaki tumboni yakichacha, tumbo likajaa hewa, na kwa kuwa uwezo wa kunyonya na kumeza nao umelegea, sehemu ya maziwa huingia kwenye mapafu. Wenye nyumba huona mtoto amekataa chakula, kumbe mwili wake hauna nguvu ya kukipokea.

Nalisema hili nikiwa na deni. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nililetewa mtoto mmoja dhaifu, nami kwa huruma na haraka nikampa maziwa kwa bomba la sindano kabla ya kumpima joto. Alipaliwa mikononi mwangu na hakuiona jioni. Tangu siku hiyo kipimajoto hutangulia chupa, hata kama mtoto analia kiasi gani.

Aliyepoa hurudishwa kwenye joto taratibu, kwa muda wa saa moja hadi tatu. Kumpasha kwa ghafla hupanua mishipa ya damu ya ngozi wakati moyo bado ni mzito, naye huweza kuzimia. Njia iliyo bora kuliko zote ni kumweka kifuani mwa mtu, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akigeuzwa mara kwa mara. Wale wanne waliobaki tuligawana: wawili kwangu, wawili kwa yule mama, tukakaa tukizungumza bei ya mahindi hadi kipimajoto kilipofika 36. Wakati wa kusubiri unaweza kumpaka mtoto tone la maji ya glukosi kwenye ufizi, kwa sababu sukari ya damu huwaishia upesi. Najua kwamba hapa Tabora mkono wa mtu hufikia asali kabla ya kitu kingine chochote, na tone moja la asali kwenye ufizi wakati wa dharura silipingi, ila glukosi ya duka la dawa naiamini zaidi.

Baada ya hapo inabidi joto lidumu usiku na mchana. Kiota cha wiki ya kwanza kiwe na nyuzi 29 hadi 32, kisha kipunguzwe kidogo kidogo hadi karibu 24 watoto wanapofikisha mwezi. Watu hufikiri kwamba nchi yetu ni ya joto na boksi sebuleni linatosha. Mwezi Oktoba, mchana, huenda likatosha; lakini mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai hata mimi hulala na blanketi mbili. Zamani tulining'iniza balbu ya uzi unaowaka juu ya boksi, kama tulivyofanya kwa vifaranga, na kazi ikawa imekwisha. Balbu zinazouzwa siku hizi hutoa mwanga bila joto la maana, na nimekuta zaidi ya mara moja boksi linalong'aa kama duka la simu huku watoto ndani yake wamekuwa baridi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa silikubali kabisa, kwa kuwa hewa yake huua watoto wa mbwa na waliolala nao pia.

Ninachoshauri ni chupa za plastiki za maji, zijazwe maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, zifungwe barabara, zivikwe soksi au kitambaa, na zipangwe upande mmoja tu wa boksi. Upande wa pili uachwe bila chupa ili anayeona joto limezidi aweze kutambaa aondoke. Asiye na mahali pa kukimbilia huungua au hukauka maji mwilini. Chupa hubadilishwa kila saa mbili au tatu, na wakati huo huo ndio wa kunyonyesha, kwa hiyo saa ya kengele ni moja. Jinsi watoto walivyolala itakueleza hali yao: wakirundikana na kulia wameona baridi, wakitawanyika huku wanahema wamezidiwa na joto, na wakilala bega kwa bega wakishtukashtuka usingizini wako salama. Kushtuka huko huwatia watu hofu bure. Ndivyo misuli yao inavyojizoeza.

Sasa tuje kwenye maziwa, ambako ndiko maswali mengi huanzia. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai, na sababu yake inahesabika. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta takribani mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, lakini sukari yake ya laktosi ni pungufu. Ili mtoto apate nguvu ya kutosha kutokana na maziwa matupu ya ng'ombe, italazimu anywe mengi kuliko tumbo lake linavyobeba, na laktosi iliyozidi itamharisha. Nimeulizwa sana kuhusu ya mbuzi. Hayatofautiani na ya ng'ombe kwa kiasi cha kuleta nafuu. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wa mbwa ndiyo bora, ila kuyasubiri yaje na basi kutoka Dar es Salaam huku tumbo liko tupu si busara.

Mchanganyiko ninaoutumia wakati wa kusubiri ni huu: mililita 240 za maziwa ya ng'ombe yasiyochanganywa maji, viini vitatu vya mayai, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula ya alizeti au mahindi, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maziwa huchemshwa kwanza, kwa afya yenu kama ilivyo kwa afya yao, kisha huachwa yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo viini vinapigwa ndani yake. Ukivitia yakiwa ya moto vitagandamana na kuziba chuchu. Ute wa yai utupwe, kwa maana ukiwa mbichi hufunga vitamini iitwayo biotini. Chuja kwa kitambaa safi. Penye jokofu mchanganyiko hukaa siku moja, na pasipo jokofu utengenezwe kidogo kidogo kila mara, hata kama inachosha.

Mtoto huhitaji kilokalori 20 hadi 26 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake, na mchanganyiko huu una kilokalori 1.3 hivi kwa mililita. Kwa hiyo mwenye gramu 300, ambao ni uzito wa kawaida kwa mbwa wetu wa kienyeji, atapata mililita 50 hivi kwa siku, yaani 6 au 7 kila baada ya saa tatu, usiku ukiwamo. Anza na pungufu siku ya kwanza. Usipitishe mililita 4 kwa kila gramu 100 kwa mlo mmoja hata akiomba zaidi, maana tumbo lina ukomo na yeye haujui.

Mtoto alale kifudifudi wakati wa kunyonya, miguu ya mbele ikipata kitu cha kukanyaga, kichwa kikiinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ndilo kosa linalojaza maziwa mapafuni, na nimonia yake huonekana siku mbili baadaye wakati mwenye nyumba amekwisha kusahau. Tundu la chuchu liwe dogo: chupa ikipinduliwa maziwa yadondoke tone kwa tone, yasimiminike. Bomba la sindano nalivumilia kwa mwenye subira tu, tone moja likimezwa ndipo lifuate jingine. Asiyeweza kunyonya hulishwa kwa mrija unaofika tumboni. Hiyo ni kazi ya kufundishwa ana kwa ana na mtaalamu, si ya kujaribu kwa maelezo ya maandishi.

Kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mtoto wa mbwa hawezi kujisaidia mwenyewe mpaka afikishe wiki tatu hivi; mama humlamba ndipo mkojo na choo vitoke. Kila baada ya kunyonya, chukua pamba iliyolowa maji ya vuguvugu umsugue taratibu chini ya tumbo na sehemu za haja hadi amalize. Wenye kuchelea najisi ya mbwa wavae glavu, nami huwapa bila kuwauliza neno. Mkojo ukiwa karibu na rangi ya maji ni heri. Ukiwa wa njano iliyokolea, maji yamepungua mwilini. Choo kiwe cha njano na laini. Kikigeuka maji, kwa siku moja punguza nguvu ya maziwa kwa kuyachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa, na kisipotulia umlete.

Macho yako si mizani. Muuza duka wa jirani ana mizani ya kielektroniki. Mwombe kila asubuhi, saa ile ile, uandike. Kupungua kidogo siku ya kwanza kunakubalika, lakini baada ya hapo kila siku lazima paongezeke kitu, na ndani ya siku 8 hadi 10 uzito wa kuzaliwa uwe umerudufu. Ambaye uzito umesimama siku moja namfuatilia. Ambaye umeshuka siku ya pili ni mgonjwa, hata akionekana mchangamfu.

Hata hivyo, haya yote ni mbadala hafifu wa mbwa mwingine anayenyonyesha. Kabla hujanunua chupa, uliza mtaani. Jike mwenye watoto wachache wa umri unaokaribiana mara nyingi hukubali wageni, hasa ukiwasugua kwanza kwa matandiko ya watoto wake na kubaki naye saa ya kwanza ukiangalia. Kwa waliofiwa kabla hawajanyonya kabisa, jambo hili ni la haraka zaidi, kwa sababu kinga ya mwili hupatikana karibu yote kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, na utumbo huipokea ndani ya siku moja tu ya kwanza. Siku hiyo ikipita, daktari anaweza kuwapa seramu, yaani majimaji ya damu, ya mbwa aliyechanjwa, nao watengwe na mbwa wengine mpaka wachanjwe.

Tahadhari moja haina mjadala. Ikiwa mama alikufa baada ya kubadilika tabia, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza au kuuma ovyo, yaani dalili za kichaa cha mbwa, usiwaguse watoto kwa mikono mitupu na usiwapeleke kwa jike mwingine. Toa taarifa ofisi ya mifugo, na aliyekuwa ameumwa au kulambwa penye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, na watu hunishangaa, lakini minyoo ya mbwa hupita kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni. Hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane. Meno yakichomoza, katika wiki ya tatu au ya nne, maziwa yale yale humiminwa kwenye sahani bapa pamoja na uji mzito kidogo, kisha nyama au dagaa waliosagwa vizuri. Chanjo hufuata kuanzia wiki ya sita, au mapema kidogo kwa waliokosa dang'a.

Kati ya wale wanne, mmoja alikufa siku ya tano kwa nimonia ya yale maziwa ya kijiko. Watatu walirudishwa kwangu wakiwa na wiki nne, ndani ya ndoo ile ile ambayo sasa haikuwatosha, na yule mama akawamiminia uji mezani kwangu ili nione. Waliingia kwenye sahani kwa miguu yote minne, wakapiga chafya, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama anaogelea au anakula.