Je, wajua nzi wadogo wa tope la mtoni hutambuliwaje?

Chuchumaa pembezoni mwa mto, penye tope bichi lenye utando wa kijani wa mwani, utaona nzi weusi wa milimita 2 hadi 4 wakiruka chini chini na kutua hatua moja mbele. Wengi wao ni wa familia ya Ephydridae, yenye spishi zipatazo 2,000 zilizokwisha kupewa majina. (Wale wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria si hawa, wale ni jamaa wa karibu wa mbu.) Kwa macho matupu wote ni wamoja. Tofauti zao zimo kwenye singa (nywele ngumu) za kichwa, mishipa ya bawa, na vumbi laini linalofunika mwili.

Vumbi hilo ndilo linaloharibika kwanza. Nzi akizama kwenye maji ya sabuni au ethanoli, mwili hulowa, na michoro ya kijivu na kahawia ya kifuani hufifia. Ndiyo maana beseni la njano lenye maji na matone ya sabuni hukamata nzi wengi lakini huleta vielelezo vya wastani tu, na likiachwa siku mbili juani, wanaanza kuoza. Bora wavu mwepesi upitishwe sentimita chache juu ya tope, kisha nzi wafyonzwe kwa mrija wenye kitambaa cha chujio ndani. Wa kuchunguzwa umbo wagundishwe wakiwa wakavu, ubavu wa kulia wa kifua ukiwa kwenye ncha ya pembetatu ndogo ya karatasi ngumu iliyochomwa pini. Wa kupimwa DNA waingie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Ukimtoa nzi kwenye ethanoli na kumwacha akauke vivi hivi, macho na uso hubonyea, na uso ndio unaouhitaji kuliko vyote.

Sasa hadubini, yenye kukuza mara 10 hadi angalau 50. Anza na bawa. Mshipa unaopita ukingo wa mbele umekatika mahali pawili: karibu na bega, na tena mbele kidogo, karibu na pale mshipa mfupi wa kwanza unapoishia ukingoni. Mulika kutoka chini. Mwanga wa juu hulifanya bawa ling'ae na mikato hiyo isionekane. Nzi wa matunda wa jamii ya Drosophila naye ana mikato miwili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mgeukie kichwani. Nyuma ya vijicho vitatu vya utosini kuna jozi ya singa: kwa Drosophila ncha zake huelekeana, kwa Ephydridae huachana. Tazama pia arista, ule unywele wa kwenye kipapasio. Wa Drosophila kwa kawaida una vitawi juu na chini, wa Ephydridae una vitawi upande wa juu tu kama kitana, au hauna kabisa. Uso wa Ephydridae mara nyingi umetokeza mbele na mdomo una uwazi mpana. Ukiona mkato mmoja tu na pembetatu kubwa inayong'aa utosini, huyo ni wa familia nyingine, Chloropidae. Na kama pingili ya kwanza ya wayo wa mguu wa nyuma ni fupi na imevimba, ni wa familia ya Sphaeroceridae, naye hupenda tope lenye samadi.

Baadhi ya jenasi za Ephydridae, yaani vikundi vya spishi ndani ya familia, hujitambulisha zenyewe. Scatella ana mabawa meusimeusi yenye madoa meupe. Brachydeutera husimama juu ya maji yenyewe. Hydrellia ni mdogo sana, na mabuu yake huchimba ndani ya majani ya mimea ya maji, mpunga ukiwemo. Anayependeza kuliko wote ni Ochthera: mapaja ya mbele yamevimba na muundi hujikunja juu yake kama mkono wa vunjajungu. Anawinda kweli. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulioonyesha kuwa Ochthera chalybescens hula viluwiluwi vya mbu wa malaria.

Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine, na mara nyingi ni dume tu anayetoa jibu. Kata ncha ya tumbo, ziliko sehemu zake za uzazi, iweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, au dakika chache ikipashwa moto. Ikizidi, hata sehemu ngumu huwa angavu na mipaka yake hupotea. Suuza kwa maji yenye tone la siki, kisha ichunguze ndani ya gliserini na ulinganishe na michoro. Jike aliyenaswa peke yake aandikwe jina la jenasi tu. Kukisia spishi kwa rangi ni kujidanganya.

Ukimaliza, tia kipande hicho kwenye kichupa chenye gliserini na ukichome kwenye pini ileile ya nzi wake, juu ya lebo yenye mahali, tarehe na aina ya ukingo: tope, mchanga au mwani.