Je, Adamu alizungumza Kiebrania?

Wengi tumefundishwa kwamba Kiebrania ndicho lugha ya kwanza duniani, iliyozungumzwa Edeni na kuzaa nyingine zote baada ya mnara wa Babeli. Ukifungua Mwanzo 11, utasoma kwamba dunia nzima ilikuwa na lugha moja. Jina la lugha hiyo halimo.

Waliolitia ni wafasiri. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika katika karne ya 5 kwamba lugha ya awali ilibaki katika ukoo wa Eberi, anayehesabiwa kuwa babu wa Waebrania, na Ulaya ikashikilia hivyo zaidi ya miaka elfu moja.

Wagiriki walikuwa na kisa chao. Mwanahistoria wao Herodoto anasimulia kuwa Farao Psammetichus, akitaka kujua taifa lipi ni kongwe zaidi, alimkabidhi mchungaji watoto wachanga wawili, asiruhusu mtu kusema mbele yao. Baada ya miaka miwili wakatamka "bekos", mkate kwa Kifrigia (lugha ya kale ya eneo ambalo leo ni Uturuki), na Wamisri wakakubali kwamba Wafrigia ni wakongwe kuliko wao. (Mimi nashuku waliiga tu mlio wa mbuzi waliowapa maziwa.)

Kiebrania chenyewe ni ndugu wa Kiarabu, Kiamhari na Kiakadi (lugha ya kale ya Mesopotamia, Iraki ya leo) katika jamii ya lugha za Kisemiti. Si mama yao. Maandishi yake ya zamani zaidi tunayoyajua ni ya takriban miaka 3,000 iliyopita. Kufikia wakati huo, Wasumeri wa Mesopotamia, ambao lugha yao haina undugu wowote na Kiebrania, walikuwa wameanza kuandika kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 2,000 kabla.