"RAM Nimeshanunua, Fundi, We Niwekee Tu"

Jumamosi iliyopita, saa tano hivi asubuhi, kijana mmoja aliingia dukani na kasha la desktopu begani na mfuko mdogo wa nailoni mkononi. "Shikamoo fundi. RAM nimeshanunua, we niwekee tu." Kwa wiki ile alikuwa mtu wa nne kuniambia hivyo. RAM ni ile kumbukumbu ya kompyuta inayoshika kazi ulizofungua, na DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake. Nimeisikia kauli hii tangu enzi za DDR2, na kila mara kuna mtu ametoa hela yake ya jasho kabla hajauliza. Leo nimeamua kuandika.

Mfukoni mlikuwa na kipande kimoja cha GB 16, DDR4, kasi ya 3200, kipya kabisa. Begani ilikuwa Dell OptiPlex 9020, zile desktopu za maofisini zinazokuja zikiwa zimeshatumika, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel kizazi cha 4. Nilipofungua ubavu nikaona ameshajaribu mwenyewe. Kile kinundu cha plastiki kilicho ndani ya sloti, yaani mfereji wa kuchomekea RAM, kilikuwa kimekwaruzwa mpaka kimeota weupe, na kibano cha pembeni kimekatika. Alikandamiza kwa nguvu zake zote. Mashine yenyewe inatumia DDR3.

"Aliyeniuzia kasema RAM za desktopu zote ni moja, tofauti ni GB tu."

Hapo ndipo ninapochoka. Laza DDR3 na DDR4 mezani: urefu wake ni uleule, sentimita 13 na kidogo. Sasa zisimamishe, uangalie meno ya dhahabu. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288. Pengo lililo katikati ya meno limesogezwa milimita chache, na ukingo wa chini wa DDR4 haukunyooka, umebenuka kidogo katikati. DDR3 inakula volti 1.5, DDR4 inakula 1.2. DDR5 inawachanganya watu zaidi kwa sababu nayo ina pini 288, lakini pengo lake liko pengine, inakula volti 1.1, na kazi ya kuudhibiti umeme huo inafanyika kwenye kipande chenyewe badala ya kwenye bodi. Lile pengo limewekwa makusudi ili ushindwe kuchomeka kitu kisichohusika. RAM ikigoma kuingia, igeuze upande mara moja. Ikigoma tena, acha. Usitafute nguvu.

Utaratibu wa kununua ni huu, na sijaona sababu ya kuubadilisha: jua kazi, kazi ikuchagulie prosesa, prosesa ikuchagulie mazabodi (ile bodi kuu inayobeba kila kitu), mazabodi ikuchagulie RAM. RAM inanunuliwa mwisho. Na hata kabla ya hapo, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie kumbukumbu inatumika kiasi gani ukiwa katikati ya kazi zako za kila siku. Kama una GB 8 na zinatumika 5, kuongeza GB peke yake hakutakupa kasi ya maana. Kinachokuchelewesha huenda ni hard disk, ile diski ya kuzunguka inayotunza mafaili. Weka SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka, uone.

Kwenye mazabodi, cha kwanza ni soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, na soketi ina mitego. LGA1151 ni mfano ninaoutaja kila siku. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 zinakaa humo, na za kizazi cha 8 na 9 zinakaa humo pia, pini 1151 kwa zote. Lakini i5 ya kizazi cha 8 ukiiweka kwenye bodi ya H110 au B250 haiwaki. Inahitaji bodi zenye chipseti (chipu kuu ya bodi) za familia ya 300. Kuingia kwenye soketi si kufanya kazi. LGA1700 ya kizazi cha 12, 13 na 14 ina mtego mwingine: prosesa ni ileile, ila bodi nyingine ni za DDR4 na nyingine ni za DDR5, na mara nyingi jina la bodi limefanana mpaka herufi za mwisho. Soma boksi lote, mpaka mwisho wa jina.

Kwa AMD, soketi ya AM4 ni DDR4 na AM5 ni DDR5, basi, hakuna mkanganyiko. Ila bodi ya B450 iliyokaa kwenye boksi tangu 2018 haizitambui prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000 mpaka usasishe BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Feni zitazunguka, taa zitawaka, kioo kitabaki cheusi, na mtu ataapa kwamba prosesa ni mbovu. Muulize muuzaji BIOS ni ya lini kabla hujalipa.

Haya. Sasa nije kwenye kinachoniudhi kuliko vyote, yaani namba iliyo kwenye lebo ya RAM.

Mtu ananunua RAM iliyoandikwa 3600 kwa bei kubwa, anakwenda nazo nyumbani kifua mbele, anachomeka, kompyuta inawaka, anaridhika. Mwaka mzima RAM hiyo inatembea kwa 2133 au 2400 au 2666. Hakuna aliyemwambia. Namba ya kwenye lebo ni kasi ambayo kiwanda kinasema kipande kitaiweza, si kasi ambayo bodi itaanza nayo. Bodi ikiona RAM mpya inaiwasha kwa kasi ya tahadhari. Ili upate ulichokilipia, ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kasi ya kiwanda, unaoitwa XMP kwenye bodi za Intel na za AMD zenye DDR4, au EXPO kwenye bodi za AMD zenye DDR5, uiwashe, uhifadhi, utoke. Ni dakika mbili. Wateja wangu wengi walioleta mashine zenye RAM za bei mbaya hawakuwahi kuzifanya hizo dakika mbili.

Na hata ukiiwasha, bodi inaweza kukukatalia. Chukua i5-10400 kwenye H410 au B460. Kwa prosesa hiyo, bodi hizo zinakomea 2666. Ukiweka 3200 itatembea kwa 2666. Ukiweka 3600 itatembea kwa 2666. Tofauti ya bei umeitoa sadaka. Intel walilegeza kamba hiyo kwenye B560, lakini sokoni bodi za B460 zilizotumika bado zimejaa, na anayekuuzia RAM kwa kawaida si anayekuuzia bodi, kwa hiyo hakuna anayeona picha nzima isipokuwa wewe. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta mstari wa kumbukumbu, soma aina, kasi ya juu, na jumla ya GB inazobeba. Bodi ya H81, kwa mfano, ina sloti 2 na mwisho wake ni GB 16. Ukiileta na GB 32 mkononi, hakuna fundi atakayekusaidia.

Halafu kuna wanaofungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vilivyomo kwenye kompyuta, wanaona 1600, wanarudi dukani wakipiga kelele kwamba wameuziwa feki. Hapana, tulia. DDR inasafirisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa yake ya ndani. Saa inapiga 1600, data inapita 3200. Umepata haki yako.

Vivyo hivyo na CL, yaani idadi ya mipigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data. Watu wanaiogopa 36 ya DDR5 wakiilinganisha na 16 ya DDR4, wakati CL inahesabu mipigo ya saa tu, haihesabu muda. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inasubiri nanosekunde 10. DDR4 ya 3600 yenye CL18 inasubiri nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30, nanosekunde 10. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa namba ya kasi. Ukishajua hesabu hiyo hutishwi na lebo yoyote. Na niseme wazi: kwa kazi za nyumbani, kati ya CL16 na CL18 mimi sijawahi kuihisi tofauti kwa mikono yangu, nimeiona kwenye vipimo tu. Sitakushauri uongeze hela kwa ajili yake.

Ninachokihisi ni chaneli mbili, yaani vipande viwili vya RAM vikifanya kazi sambamba, kila kimoja kwenye njia yake. Kipande kimoja cha DDR4 ya 3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, kwa sababu njia yake ina upana wa baiti 8. Vipande viwili kwenye chaneli mbili vinapitisha GB 51.2. Kwa hiyo kipande kimoja cha 16 si sawa na viwili vya 8, ingawa jumla ni moja. Kama una kadi ya grafiki ya kujitegemea, pengo hilo ni dogo. Lakini kama unategemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa, kama wengi wetu, basi RAM ndiyo kumbukumbu ya picha pia, na kuinyima chaneli ya pili ni kuifunga mguu mmoja. Nimewahi kubadilisha kipande kimoja kwa viwili kwenye Ryzen 5 5600G, GB zilezile, na gemu la mpira lililokuwa linakatika-katika likatembea palepale, mwenye mashine akiwa amesimama nyuma yangu.

Bodi yenye sloti 4, vipande viwili vinakaa sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Usiviweke pamoja kwa sababu vinapendeza.

Kuhusu kuchanganya RAM za kampuni tofauti, vitabu vinasema usichanganye, na mimi mteja akiniuliza namjibu hivyohivyo. Lakini ukweli wa mezani ni mgumu zaidi. Nina mashine nilizochanganya miaka mingi iliyopita, na bado ziko kazini. Nimechanganya nyingine kwa uangalifu uleule, kasi sawa, CL sawa, volti sawa, na baada ya siku tatu kioo cha bluu, yaani Windows imeanguka. Kwa kuangalia tu siwezi kukuambia zipi zitapatana. Hata kununua kampuni ileile na namba ileile hakukuhakikishii, maana chipu za ndani hubadilishwa bila jina kubadilika. Ninachofanya ni kuacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Kosa likitokea hata 1, navirudisha.

Tahadhari mbili za haraka. RAM za seva zenye rejista (chipu ya ziada inayopokea amri) za DDR3 na DDR4 zinaingia vizuri kwenye sloti, lakini bodi ya nyumbani haiwaki nazo. Na kuna DDR3 za bei ya kutupa zilizoandikwa kuwa ni za AMD tu. Maandishi hayo ni ya kweli, kwenye bodi ya Intel hazifanyi kazi.

DDR4 au DDR5? Mwaka juzi ningekujibu bila kusita kwamba kwa mashine mpya chukua DDR5. Leo nasita. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na mwezi Desemba mwaka huo Micron, watengenezaji wa chipu za RAM, wakatangaza kwamba wanaiacha Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida. Kama una DDR4 nzuri mkononi, kujenga juu yake si ujinga. Ila kizazi cha 4 cha Intel sikushauri ukiongezee hela nyingi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8.

Nilimweleza kijana yote haya akiwa amekaa kwenye stuli. Anahariri video za harusi, kwa hiyo 9020 isingemfikisha mbali hata ningempatia DDR3. Duka alikonunua halirudishi hela. Akauliza kama tunaweza kubadilisha bodi tu, kasha libaki. Nikamwonyesha waya mkuu wa umeme: kwenye mashine ile una pini 8, wakati bodi za kawaida zinataka 24. Pawasaplai, yaani kifaa cha kugawa umeme, nayo ikawa imeondoka, na kasha likafuata. Tukauza mashine yote kwa anayehitaji vipuri, akaongezea, tukapata B450 iliyotumika yenye BIOS mpya na Ryzen 5 5600G. Kwa maneno mengine, amejenga nyumba kuufuata mlango alioununua kwanza.

Kipande chake kikaingia sloti ya 2, safari hii kwa kidole kimoja, vibano vikalia vyenyewe. Nikawasha XMP, ambayo kwa kipande hiki inapandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.35. Sloti ya 4 imebaki wazi mpaka mwezi ujao. Kabla sijafunga ubavu nilikata kipande cha karatasi, nikakibandika ndani ya mfuniko mahali atakapokiona: "DDR4, GB 16, 3200, CL16, volti 1.35, ya desktopu, isiyo ya seva. Usinunue kabla ya kupiga picha karatasi hii."