NAMA ya Ireland: dhana potofu kuhusu serikali kununua mikopo chechefu ya majengo

Soko la majengo la Ireland lilipoporomoka, benki zilibaki na mikopo ya viwanja na majengo isiyolipika. Novemba 2009 ikapitishwa sheria ya kuunda NAMA, chombo cha serikali kilichonunua mikopo hiyo kutoka taasisi tano: Anglo Irish Bank, AIB, Bank of Ireland, Irish Nationwide na EBS.

Dhana: Matajiri walifutiwa madeni.
Aliyebadilika ni mdai tu, deni lilibaki palepale. Mtu aliyekopa yuro milioni 100, hata kama mkopo wake ulinunuliwa kwa milioni 42, aliendelea kudaiwa 100 na riba yake. Alitakiwa kuorodhesha mali zake zote, kuleta mpango wa malipo, na kurudisha mali alizokuwa amemwandikia mke au ndugu. Ni kweli kwamba baadhi waliachwa waendelee kusimamia miradi yao kwa malipo, jambo lililowaudhi wengi, na si ajabu.

Dhana: Benki zililipwa thamani yote.
Mikopo ya yuro bilioni 74 ilinunuliwa kwa bilioni 31.8, yaani punguzo la wastani wa asilimia 57. Makisio ya awali yalikuwa asilimia 30. Mafaili yalipopekuliwa, mkopo mmoja baada ya mwingine, hali ilikuwa mbaya zaidi: hati za rehani zilikuwa na kasoro, na dhamana nyingine zilikuwa viwanja vitupu.

Bei ilipatikana hivi: thamani ya soko kufikia 30 Novemba 2009, nyongeza kidogo kwa kuangalia thamani ya muda mrefu, kisha gharama za kufuatilia deni zinatolewa. Tuseme kiwanja kilichowekwa rehani kwa mkopo ule wa milioni 100 kina thamani ya 39 sokoni, na hesabu yote inaishia 42. Benki inapokea 42, na 58 zilizobaki inaziandika kuwa hasara mara moja. Hasara hiyo inakula mtaji wake, yaani fedha zake yenyewe za kubebea hasara. Ndiyo maana kila NAMA ilipobana bei, Hazina ililazimika kutoa zaidi kuziba pengo la mtaji, hasa kwa benki zilizokwisha kuangukia mikononi mwa serikali. Tarehe ile ya Novemba 2009 nayo iliiponza NAMA, kwani bei ziliendelea kushuka kwa miaka kadhaa baadaye.

Dhana: Serikali ilimwaga fedha taslimu.
Benki zilipewa hati fungani. Asilimia 95 zilidhaminiwa na serikali, na benki ziliweza kuziweka dhamana Benki Kuu ya Ulaya ili kupata fedha. Asilimia 5 zilikuwa za daraja la chini, ambazo malipo yake yalitegemea NAMA ifanye vizuri. Kulikuwa pia na ujanja wa kihasibu: kampuni iliyoshika mikopo ilikuwa na mtaji wa yuro milioni 100, na wawekezaji binafsi waliweka milioni 51, yaani zaidi ya nusu. Hivyo kampuni ilihesabiwa kuwa ya binafsi na deni lake halikuingizwa katika deni la taifa, ingawa NAMA ilikuwa na kura ya turufu.

Dhana: Mikopo ya nyumba za familia ilihamishwa pia.
La. Ilichukuliwa mikopo ya viwanja na uendelezaji, pamoja na mikopo mingine ya wakopaji haohao, hata iliyokuwa ikilipwa vizuri, ili mdaiwa mmoja asishikwe na wadai wawili.

Dhana: NAMA ilipata faida, basi wananchi hawakupoteza.
Hati zilizodhaminiwa na serikali zilimalizwa kulipwa 2017, za daraja la chini 2020, na ziada ya mabilioni ikaenda Hazina. Lakini ziada hiyo inapimwa dhidi ya bilioni 31.8 zilizolipwa. Bilioni 42 zilizokatwa kwenye bei hazimo. Zilibaki kwenye vitabu vya benki, ambazo serikali ilizitia mtaji wa takriban yuro bilioni 64. Sehemu kubwa ya fedha hizo, zaidi ya nusu, iliingia Anglo na Irish Nationwide, ambazo zote mbili zilifungwa.